Sura ya Sita: Mtafutie Wazimu Wako Mpinzani

Katika mtaa wa Çukurcuma mjini Istanbul kuna nyumba nyembamba ya rangi nyekundu iliyokolea. Ukiingia tu, unakutana na ukuta uliopachikwa vipande vya sigara 4,213, vyote vimeshavutwa. Kila kipande kimechomwa pini, na chini yake pana maneno machache ya mkono. Vyote, tunaambiwa, vilivutwa na mwanamke mmoja aitwaye Füsun, vikaokotwa kwa siri na Kemal, mwanamume aliyempenda, ambaye kwa karibu miaka minane alikuwa haishi kwenda kula chakula cha usiku kwa wazazi wa Füsun, naye Füsun ni mke wa mtu.

Füsun hakuwahi kuwepo, wala Kemal. Ni watu wa riwaya ya Orhan Pamuk, Masumiyet Müzesi, iliyotoka mwaka 2008, na nyumba hiyo ni makumbusho ambayo Pamuk mwenyewe aliyafungua mwaka 2012. Hakuandika kwanza kisha akatafuta vitu vya kuonyesha. Alianza kuvinunua miaka mingi kabla kitabu hakijatoka, akizunguka kwenye maduka ya vikorokoro, na kila alichokipata akakitafutia nafasi ndani ya hadithi. Riwaya ina sura 83, na makabati ya maonyesho yamepangwa kwa kuzifuata sura hizo. Kitabuni kuna hata ukurasa wenye tiketi: ukifika nacho mlangoni wanakigonga muhuri, unaingia bure.

Sasa mfikirie mtu aliyekaa karibu nawe barazani kwa muuza kahawa, anakueleza kwa furaha kwamba nyumbani kwake ana mkoba uliojaa vipande vya sigara vya mke wa jirani. Utamaliza kikombe chako haraka. Jambo ni lilelile. Kwa nini la Kemal tunalisoma kurasa zaidi ya mia tano, na la huyu tunalikimbia?

Kila mtu ana lake. Wahenga walisema kipenda roho hula nyama mbichi, wala hawakutaja ni nyama ya nini. Yupo anayeweza kukutajia kikosi kizima cha Yanga cha mechi iliyochezwa kabla hajazaliwa. Yupo asiyeweza kusikia habari ya msiba bila kuuliza marehemu alikata roho saa ngapi, nani alikuwepo, alisema nini mwisho. Yupo ambaye mazungumzo yoyote, yaanze na bei ya sukari au na uchaguzi, yatazunguka mpaka yafike kwenye shamba la babu lililouzwa na mjomba. Huna hakika lako ni lipi? Waulize wa nyumbani kwako ni habari gani wameshakuchoka nayo. Watakutajia kabla hujamaliza swali.

Walimu wa uandishi husema: andika hilo. Ushauri huo ni nusu tu, na nusu iliyobaki ndiyo kazi. Mwenye wazimu na jambo huwa msimulizi mbaya wa jambo hilo. Amelizoea mno hata haoni kwamba msikilizaji bado yuko mlangoni, hajakaribishwa. Hueleza mara tatu kile kinachomuuma, na kile ambacho mgeni angehitaji kukijua hukiruka. Zaidi ya yote anataka akubaliwe. Nimesoma miswada mingi ya namna hii, yenye machozi ya kweli kabisa, na nimesinzia. Ukweli wa machozi hausaidii kitu kwenye ukurasa ikiwa ndani ya ukurasa huohuo hakuna hata mtu mmoja asiyelia.

Huyo asiyelia ndiye tunayemtafuta katika sura hii.

Herman Melville alipanda meli ya kuvulia nyangumi iitwayo Acushnet mwezi Januari 1841, akiwa na umri wa miaka 21. Mwaka uliofuata akaitoroka kwenye visiwa vya Marquesas. Moby-Dick ilitoka mwaka 1851, na anayeifungua kwa mara ya kwanza hushangaa: kuna sura nzima ya aina za nyangumi, wamepangwa kwa ukubwa kama wapangwavyo vitabu vya maktaba, sura ya kamba, sura ya weupe, sura za namna mnyama anavyochunwa na mafuta yake yanavyoyeyushwa usiku juu ya sitaha. Melville alikuwa pia amesoma habari za meli ya Essex, iliyozamishwa na nyangumi mwaka 1820. Alikuwa na wazimu wa kumjua nyangumi mpaka mfupa wa mwisho, na kama angeishia hapo tungepata kitabu kikubwa cha wanyama wa bahari, chenye makosa mengi ya sayansi.

Alichofanya ni kuugawa wazimu wake kwa watu wawili. Hamu ya kujua akampa Ishmael, baharia wa kawaida anayesimulia. Hamu ya kuua akampa nahodha Ahab, aliyekatwa mguu na nyangumi mweupe. Kisha, na hapa ndipo ninapoomba msomaji atulie kidogo, akamweka Starbuck. Starbuck ni msaidizi wa kwanza wa nahodha, mtu wa dini na wa hesabu. Mbele ya mabaharia wote anamwambia Ahab kwamba wao wamekuja baharini kutafuta mafuta ya kuuza, hawakuja kulipiza kisasi kwa mnyama asiye na akili. Starbuck ana haki. Hakuna anayekisoma kitabu kile asiyejua kwamba ana haki. Na meli inaendelea na safari yake ya kuangamia, Starbuck mwenyewe yumo ndani.

Mwondoe Starbuck uone kitakachobaki: kichaa mmoja anapiga kelele baharini na watu wanaitikia. Mfanye Starbuck kuwa mwoga au mpumbavu, mambo yatakuwa mabaya zaidi, kwa sababu tutajua mwandishi ameegemea upande. Nguvu ya Ahab inapimwa kwa uzito wa ukweli anaoukataa. Pamuk naye amelijua hilo. Sibel, mchumba ambaye Kemal alitarajiwa kumwoa, anayaona mapenzi yale kuwa ni maradhi na anajaribu kumuuguza kwa subira, na msomaji akikiangalia kitanda cha mgonjwa anakubali kwamba Sibel hakukosea.

(Moby-Dick haikumtajirisha Melville. Kuanzia 1866 alikuwa mkaguzi wa forodha bandarini New York kwa miaka 19, akafa mwaka 1891 akiwa karibu amesahauliwa. Forodha ina jambo lake na waandishi. Shaaban Robert naye alikula mshahara wa huko kwa miaka mingi.)

Mfano wa karibu nasi zaidi, na kwangu ndio mgumu zaidi, ni Euphrase Kezilahabi. Alizaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944, na aliandamwa na swali moja tangu kitabu cha kwanza hadi cha mwisho: maisha haya yana maana gani, na kama hayana, mtu ashike wapi? Rosa Mistika ilitoka mwaka 1971. Rosa, binti aliyefungiwa na baba mkali na mlevi, anapata uhuru asiofundishwa kuutumia, na mwisho anajiua. Katika Kichwamaji, 1974, Kazimoto anajiua. Katika Dunia Uwanja wa Fujo, 1975, Tumaini ananyongwa kwa kuua. Vitabu vitatu ndani ya miaka minne, na wahusika wakuu watatu hawafiki mwisho wakiwa hai. Wasomaji wengi wakasema huyu ni mtu wa kukata tamaa, na wengine bado wanasema hivyo.

Mimi naona vingine. Namwona mtu aliyelichukua swali lake akampa msichana wa shule alibebe, akatazama lilipomwangushia. Kisha akampa msomi wa chuo kikuu. Kisha akampa kijana mwenye mali wakati wa Ujamaa. Hakuwa anarudia kitabu kimoja. Alikuwa anabadilisha mabega.

Kichwamaji ndicho kitabu kilichokuwa na hatari kubwa, na mwanafunzi wa uandishi akisome kwa sababu hiyo. Msimulizi ni “mimi”. Kazimoto ni mtu wa Ukerewe, yuko chuo kikuu, anawaza sana juu ya utupu wa maisha, na mwandishi wake naye alikuwa mtu wa Ukerewe aliyetoka chuo kikuu miaka michache tu kabla ya hapo. Hapo ilikuwa rahisi kabisa kuandika shajara ya mwanafalsafa kijana. Kezilahabi aliepukaje? Alimpa Kazimoto nia ya aibu. Manase, kijana wa kijijini aliyepanda cheo, amempa mimba Rukia, dada yake Kazimoto, na Rukia amekufa. Kazimoto anaamua kulipa kisasi kwa kumharibu Sabina, dada yake Manase, msichana ambaye hajamkosea lolote. Basi wakati tunasoma fikra zake, nyingine nzuri sana, kuhusu Mungu na kifo na binadamu, tunamwona pia anavyomnyemelea Sabina. Fikra ni za mtu mkubwa, matendo ni ya mtu mdogo. Msomaji anakaa katikati ya viwili hivyo na hana pa kupumzikia.

Halafu Sabina anageuka kuwa mtu. Anapendwa, anaolewa, anaingia nyumbani na kuwa na siku zake na matumaini yake. Fikra ya Kazimoto kwamba maisha ni bure sasa inabidi iamke asubuhi pamoja na mwanamke anayetaka mtoto. Hakuna hoja ya falsafa iliyopata kupingwa vizuri kuliko hivyo, na Sabina hakusoma falsafa.

Baada ya miaka karibu ishirini swali lilikuwa bado linamwandama, na hadithi za kijiji na chuo kikuu zilikuwa zimekwisha kulibeba. Akaandika Nagona, 1990, na Mzingile, 1991, vitabu ambavyo kila kimoja hakifiki kurasa mia, vyenye ulimwengu uliobomoka na safari isiyo na ramani. Wapo waliovisoma wakapotea, na wapo ambao hadi leo hawajarudi. Kwa ladha yangu Kichwamaji kinabaki juu. Lakini naheshimu uamuzi wenyewe: umbo lilipomshinda, alibadilisha umbo na hakubadilisha swali. Waandishi wengi hufanya kinyume. Wakichoka na jambo lao huenda kutafuta lililo kwenye magazeti mwaka huo, ukimwi, kisha ufisadi, kisha mitandao, na umbo linabaki lilelile walilojifunza sekondari.

Washairi wetu wa pwani hawahitaji sana sura hii. Mambo ya mpinzani wanayo tangu zama. Enzi za Muyaka bin Haji, Mombasa, shairi lilikuwa ni kauli inayongoja jibu, na kurasa za mashairi za magazeti yetu ziliendeleza mchezo huo kwa miongo mingi: mmoja anatupa neno, mwingine wa mji wa mbali analidaka, wa tatu anawakosoa wote wawili. Malenga akiwa na wazimu wa jambo anajua kabla hajaweka kalamu chini kwamba yupo atakayemjibu kwa vina vilevile. Hata mipasho ya taarab, pamoja na vijembe vyake, imejengwa juu ya hilo. Sijui kwa nini tunapohamia kwenye hadithi za nathari tunakuwa wahubiri.

Angalia alichofanya Abdilatif Abdalla. Alikuwa na umri wa miaka 22 alipoandika waraka wa Kenya: Twendapi?, akahukumiwa kifungo cha miaka mitatu, kuanzia 1969 hadi 1972, na sehemu kubwa ya kifungo hicho alikaa peke yake. Alitunga jela, akaandika kwenye karatasi za chooni, na mashairi yakatoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mwaka uliofuata yakapata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Mtu aliyefungiwa chumbani peke yake kwa ajili ya maneno yake ana jambo moja tu akilini. Nani angemlaumu kama angetoa kitabu kizima cha kilio? Vilio vimo, na baadhi vinachoma. Lakini humo humo limo shairi liitwalo “Mnazi: Vuta N'kuvute”, ambalo ni ugomvi wa ndugu wawili, Alii na Badi, wakigombea mnazi. Huyu anasema, yule anajibu, ubeti kwa ubeti. Wasomaji hawakukawia kuiona Kenya ndani ya mnazi ule, nani kaupanda na nani anakula madafu. Mtu aliyenyimwa wa kuzungumza naye alimpa adui wake zamu ya kusema, tena kwa vina na mizani kamili, bila kumpunja hata silabi.

Kezilahabi alivunja vina na mizani katika Kichomi, mwaka uleule wa 1974, akazua mzozo mkubwa baina ya washairi. Abdilatif alivishika kwa nguvu zote. Wote wawili walikuwa na haki, kwa sababu kila mmoja aliupa wazimu wake kitu kigumu cha kugongana nacho.

Sasa Abdulrazak Gurnah. Aliondoka Zanzibar akiwa kijana mwishoni mwa miaka ya 1960, na tangu riwaya yake ya kwanza ya 1987 hajaacha kuondoka. Karibu kila kitabu chake kina mtu aliyeng'olewa: Yusuf wa Paradise, 1994, mtoto aliyetolewa na babake kwa tajiri kufidia deni, ambaye wasomaji wa Kiswahili wanaweza sasa kumsoma katika Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis; na Hamza wa Afterlives, 2020, aliyejiingiza katika askari wa Wajerumani. Alipopata Nobel mwaka 2021 wengi huku kwetu waliuliza ni nani huyu. Ni mtu aliyekaa na kidonda kimoja kwa zaidi ya miaka thelathini na hakukionea haya.

Kwa kazi yetu ya leo kitabu cha kusoma ni By the Sea, cha 2001. Mzee Saleh Omar, aliyekuwa muuza samani Zanzibar, anatua uwanja wa ndege wa Gatwick na kuomba hifadhi. Amenyamaza, anajifanya hajui Kiingereza. Kwenye mizigo yake ana kijisanduku cha udi, udi wa kweli, na afisa wa uhamiaji anauchukua. Pasipoti aliyoshika ina jina la mtu mwingine, Rajab Shaaban. Ndani ya Uingereza ileile yupo Latif Mahmud, mwalimu wa chuo kikuu, mtoto wa huyo Rajab Shaaban, ambaye amekua akijua kwamba Saleh Omar ndiye aliyewanyang'anya nyumba. Wanakutana katika mji mdogo wa pwani, mzee na mtu mzima, wanakaa wanapeana chai na kusahihishana. Kuna deni, kuna mfanyabiashara aliyekuja na pepo za kaskazi, kuna meza ya mpingo ambayo kila mmoja anaikumbuka kwa uchungu wake. Saleh Omar alikuwa na hati. Latif alikuwa na mama na baba waliotolewa nje. Hakuna aliye mwongo.

Mswahili yeyote aliyewahi kukaa kwenye kikao cha mirathi anaijua hali hii. Upande mmoja una karatasi, upande mwingine una machozi, na wazee wanaangalia chini. Gurnah angeweza kuupa uchungu wa kuondoka mtu mmoja mwema akamliza kurasa zote. Aliwapa wawili ambao kila mmoja ni mkosaji katika hadithi ya mwenzake. Hapo tu ndipo mambo ya nyumba moja ya mji mkongwe yanapokuwa ya kila mtu.

Upo wazimu usiohitaji mtu wa pili, lakini ni nadra. J. A. Baker wa Chelmsford, Uingereza, alimfuatilia kozi kwa baiskeli na kwa miguu kwa takriban miaka kumi, wakati ndege hao wanapungua kwa sababu ya sumu za mashambani. The Peregrine, 1967, imeibana miaka yote hiyo ikawa msimu mmoja, Oktoba hadi Aprili. Mwandishi mwenyewe hayumo karibu kabisa. Ukimaliza kitabu hujui kama alikuwa na mke. Unajua kozi anavyooga, anavyopanda juu kulielekea jua, mzoga wa njiwa unabaki na nini baada yake. Mpinzani hapo ni ndege mwenyewe, ambaye kila Baker akikaribia anaruka. Ukitaka kuifuata njia hii, uwe tayari kujifuta kama alivyojifuta yeye, na uwe unajua mambo kiasi hicho.

Kujua ndiko kunakosahaulika. Turudi kwa yule wa shamba la babu, maana kila darasa lina mmoja wake. Tuseme shamba ni la mikarafuu, liko Pemba. Rasimu ya kwanza ya mwenzetu ina mjomba mwizi, mama anayelia na hasira nyingi, na haina hata mkarafuu mmoja. Kazi ya kwanza ni kumrudisha shambani. Karafuu huchumwa na watu wanaopanda juu ya miti mirefu yenye matawi yanayovunjika kirahisi. Jioni familia nzima hukaa kuzichambua, karafuu huku, makonyo kule. Huanikwa juani juu ya majamvi kwa siku kadhaa, na wingu likitanda kila mtu hukimbia. Zikirundikwa mbichi au zikinyeshewa huwa mpeta, na mpeta hauna bei. Mavuno hayalingani: mwaka mmoja miti inaelemewa, mwaka unaofuata unaweza usipate cha kuanika. Mnunuzi kisheria ni mmoja, shirika la serikali, na usiku kulikuwa na vyombo vilivyovuka kwenda Kenya na magendo.

Ukishayajua hayo, mjomba anaanza kubadilika bila wewe kumlazimisha. Aliuza mwaka gani, wa mavuno au wa miti mitupu? Alikuwa na deni kwa nani? Nani alilipa matibabu ya babu miezi ile ya mwisho, mama anayelia au mjomba mwizi? Hasira yako haijaondoka, wala sikuombi uiondoe. Imepata tu kitu cha kushika.

Kisha mwandikie mjomba ukurasa wake. Mwandikie ukurasa ambao yeye mwenyewe, akisomewa, angesema: naam, huyu kanielewa. Ukiuandika huku mkono unasita, uko njiani. Ukiuandika kwa raha, kuna mahali umemdhulumu; mara nyingi ni kwenye lugha, umempa maneno ya kejeli ambayo hakuna mtu huyatumia kujitetea.

Linabaki tatizo la mjomba wa kweli, aliye hai, anayekuja nyumbani sikukuu. Kubadilisha jina hakutoshi, kijiji kizima kitamjua. Mimi ningeuhamisha wazimu wenyewe. Ningemtoa mjukuu kwenye hadithi kabisa, nikampa uchungu wa shamba mchumaji mmoja wa kukodiwa, mtu asiye na haki yoyote ya mirathi, aliyeipanda ile miti msimu baada ya msimu na anayeijua mmoja mmoja kuliko ukoo wote. Shamba linauzwa na hakuna aliyefikiria kumwambia. Yeye anafika msimu ukianza, na kamba yake begani. Sasa mjomba, mama na mjukuu wote wamekuwa wapinzani wake, wote wana hati, na wote, kwa sheria, wana haki. Wazimu ni wako uleule, lakini hautambuliki tena na wa nyumbani kwako, na umepata pembe ambayo kwenye kikao cha mirathi isingekuja.

Najua atakayeuliza kama hivyo si kuukimbia ukweli. Pamuk hakuokota zile sigara kwenye meza ya Füsun. Gurnah hakuwa muuza samani. Kezilahabi aliishi hadi mwaka 2020, akafundisha na kuandika mashairi mpaka uzeeni, miongo mingi baada ya Kazimoto wake kujiua.

Kabla hujafungua sura ya saba, kaa uandike ukurasa mmoja kwa sauti ya mtu anayeona jambo lako ni upuuzi. Mpe kazi, mpe umri, mpe sababu nzuri kuliko zako. Usimruhusu kukubali mwishoni. Kama ukurasa huo umekutoka kwa saa moja, uandike tena.